Antena Inayonusa Gesi na Kupima Unyevu

Kila tunapozungumzia hifadhi ya nafaka linajitokeza swali moja: mtu atajuaje kwamba magunia yaliyo katikati ya ghala yameanza kupata unyevu, bila kuyashusha yote?

Swali hilo lina uzito. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuvu wanaoitengeneza hustawi mahindi yanapowekwa ghalani kabla ya kukauka. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi.

Katika maabara za vyuo vikuu kuna kifaa kinachoelekea kujibu swali hilo, nacho ni antena ya maikrowevu, yaani mawimbi ya redio ya jamii ile ile yanayotumiwa na simu za mkononi. Ajabu yake ni kwamba antena yenyewe ndiyo kipimo. Hakuna mashine nyingine iliyofungwa pembeni.

Tuchukue mfano wa ngoma. Ngoma iliyowambwa vizuri ina sauti yake. Ikipigwa na umande, ngozi hulegea na sauti hushuka, ndiyo maana wapigaji huiota motoni kwanza. Antena nayo ina masafa yake inayoyapokea kuliko mengine yote, na masafa hayo hutegemea ukubwa wake pamoja na vitu vinavyoigusa. Maji huyabadilisha sana. Kwa kipimo cha wanafizikia, hewa kavu ni 1 na maji ni karibu 80. Basi antena hupakwa utando mwembamba wa plastiki inayofyonza unyevu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, utando hunywa maji na masafa ya antena hushuka. Msomaji wa kifaa hurusha mawimbi kutoka mbali kidogo, husikiliza yanayorudi, na kujua hali ilivyo. Antena za namna hii zinaweza kufanya kazi bila betri.

Kwa upande wa gesi kinachotumika ni mirija ya kaboni, midogo kiasi kwamba haionekani kwa macho. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba mirija hiyo hubadili upitishaji wake wa umeme inapoguswa na amonia. Mwaka 2009 wenzao wa Georgia Tech, akiwemo Profesa Manos Tentzeris, walieleza jinsi walivyochapa antena na mirija hiyo juu ya karatasi, kwa mashine inayorusha wino kama ile ya ofisini. Amonia ikifika, nguvu ya mawimbi yanayorudi hubadilika. Mfugaji wa kuku anaijua vizuri gesi hiyo. Ndiyo inayomchoma macho akiingia banda lenye matandiko mabichi.

Hata hivyo tusishangilie mapema. Mirija ya kaboni huathiriwa pia na unyevu na joto, hivyo antena inaweza kutangaza gesi kumbe ni mvua tu imenyesha. Njia mojawapo ya kurekebisha ni kuweka antena mbili, moja iliyopakwa na nyingine isiyopakwa, kisha kulinganisha majibu. Tena mawimbi haya hayapenyi bati: antena iliyofungiwa ndani ya silo ya chuma haisomeki kutoka nje. Magunia ya mahindi mabichi nayo huyameza mawimbi, na hapo ndipo hasa kipimo kinapohitajika. Kwa maoni yetu kikwazo hiki cha mwisho ndicho kikubwa kuliko vyote, ingawa mara nyingi watu huuliza bei kwanza.

Kwa msimu huu jaribio la chumvi linafaa. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, jaza mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi kavu kabisa. Tikisa kwa dakika moja, kisha acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi yarudi juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya 15, lakini bado huenda haujafika 13. Yaanikwe tena siku moja au mbili kabla ya kufunga magunia.