Mama Mdogo Mbele ya Daktari wa Meno

Nilikuwapo siku moja katika kliniki ya meno ya mji mmoja wa Uingereza alipoingia mwanamke wa kwetu, buibui lake limelowa mvua, kamshika mkono mtoto wa miaka saba ambaye gego lake la chini lilikuwa limetoboka hata weusi wake ukionekana kila alipocheka; na alipoulizwa na karani yeye ni nani wa mtoto, akajibu kwa yakini, pasina hila yoyote, "Mimi mamake." Alikuwa mama mdogo. Kwa Kiswahili hakusema uongo, lakini karani alipofungua daftari alikuta jina jingine, basi mtoto akachunguzwa kinywa tu, na jino likabaki pale pale hadi Jumanne ya pili, alipokuja aliyemzaa.

Wengi wetu huihesabu kadhia kama hii kuwa ni ubaridi wa Wazungu, ilhali ina asili yake. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, itumikayo Uingereza na Wales (Scotland wana taratibu zao), imeyatenga mambo mawili ambayo neno letu "mlezi" huyafunika pamoja: kumtunza mtoto, na kuwa na mamlaka ya kumwamulia. Wala si mgawanyo mgeni kwetu, kwani wanazuoni wa fiqhi waliutambua zamani, la kwanza wakaliita hadhana na la pili uwalii. Mama aliyezaa anayo mamlaka hayo moja kwa moja. Baba huyapata akiwa amemwoa mama kwa ndoa inayotambuliwa na sheria, au, kwa uzazi ulioandikishwa tangu tarehe 1 Desemba 2003, jina lake likiwamo katika cheti cha mtoto. Hapo ndipo baba zetu wengine wanaponaswa, maana nikahi iliyofungwa huko huko Uingereza pasina kusajiliwa serikalini, ijapokuwa ni halali mbele ya Mungu na jamaa, mahakama za Uingereza haziihesabu kuwa ni ndoa.

Bibi, shangazi, ami na kaka mkubwa, wote hawamo. Hata hivyo sheria hiyo hiyo, baada ya kukataza mamlaka yasihamishwe, inamruhusu mwenye nayo kumwagiza mtu mwingine ayatimize kwa niaba yake, jambo ambalo sisi tungeliita uwakala tu. Na ndiyo sababu barua ya mzazi hufungua milango ambayo maneno matamu hayafungui. Jino likiuma kwa dharura, daktari hamwachi mtoto alie akingoja saini. Lakini panapotajwa nusukaputi, ambayo tangu mwisho wa 2001 hairuhusiwi kutolewa kwa kazi ya meno ila hospitalini, usitumaini barua: nenda mwenyewe.

Kwa upande wa umri, sheria ya mwaka 1969, iliyoshusha utu uzima kutoka miaka 21 hadi 18, ilimpa kijana wa miaka 16 haki ya kuridhia matibabu yake mwenyewe, na katika kuyataja matibabu hayo ikayataja meno kwa jina lake. Kisha mwaka 1985 majaji wa Baraza la Malodi, katika kesi ya mama aitwaye Gillick, ambayo asili yake ilikuwa dawa za kuzuia mimba, waliamua kuwa hata aliye chini ya miaka 16 aweza kuridhia, mradi akili yake inalifahamu vyema jambo analoliridhia. Nakiri kwamba mzazi aliyelelewa Tanga au Lamu, akiambiwa na binti yake wa miaka 15 asubiri nje, ataona dunia imepinduka.

Nawe msomaji, ikiwa kesho kazi inakuzuia na mdogo wako ndiye atakayempeleka mtoto, iandike barua usiku huu: jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, jina la anayempeleka, tiba unayoiridhia, saini yako, na namba ya simu ambayo saa ya miadi utakuwa nayo mkononi.