Kihariri cha Kuandikia Fortran

Fortran, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1957, na mpaka leo haijastaafu. WRF, modeli inayokokotoa mwenendo wa hewa, imeandikwa sehemu kubwa kwa lugha hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo utabiri wake wa upepo na mawimbi huwafikia hata wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli, ni miongoni mwa wanaoitumia. Kwa hiyo kijana wa Mbinga anayeisoma Fortran anajifunza kazi iliyo hai, na hatua yake ya kwanza ni kuchagua kihariri, yaani programu ya kuandikia maandishi matupu.

Word haifai hata kidogo. Huficha ndani ya faili maelezo ya mwandiko na kupinda alama za kunukuu, na kompaila, yaani programu inayotafsiri Fortran kuwa lugha ya mashine, hukataa vyote viwili.

Ugumu wenyewe uko kwenye safu. Fortran ya awali iliandikwa kwenye kadi za kutobolewa zenye safu 80, na programu nyingi za zamani bado zinafuata mpangilio huo. Safu ya 1 hadi ya 5 ni za namba ya mstari. Ya 6 huonyesha kwamba sentensi inaendelea kutoka mstari wa juu. Amri hukaa kuanzia ya 7 hadi ya 72. Kinachovuka hapo kwa kawaida huachwa bila onyo lolote, hivyo jina la kigezo linaweza kukatwa mkia na hesabu ikatoka na jibu la uongo. Fortran 90 ililegeza sharti hilo, lakini anayerekebisha kazi ya waliotangulia hana budi kuliheshimu. Kihariri chake lazima kionyeshe namba ya safu, kichore mstari baada ya safu ya 72, na kigeuze kitufe cha Tab kuwa nafasi za kawaida.

Vim hufanya yote hayo, na ina undugu na Afrika Mashariki. Mwandishi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Tangu hapo, hadi alipofariki mwaka 2023, aliwaomba watumiaji wa Vim, ambayo ni ya bure, wachangie watoto wa huko, wengi wao yatima wa UKIMWI. Ni vigumu kutaja programu nyingine yenye deni jema kama hilo kwa eneo hili.

Umeme nao ni hoja. Mkoa wa Ruvuma, ilipo Mbinga, uliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa laini ya Makambako–Songea. Kabla ya hapo miji yake ilitegemea sana majenereta ya dizeli. Hata sasa umeme ukikatika, kompyuta ya mezani huzimika papo hapo. Vim huweka faili la akiba kila baada ya herufi 200, au mwandishi akitulia sekunde 4, na kazi hurejeshwa kutoka humo. Tena ni nyepesi, huenda hata kwenye mashine kuukuu.

Ubaya wake ni kwamba humchanganya mgeni, kwa sababu kuandika na kutoa amri ni hali mbili tofauti. Somo la vimtutor, linalokuja pamoja nayo, huchukua kama nusu saa. Asiye na subira hiyo aanze na nano, au Notepad++ kwenye Windows.