Kwa nini mashabiki wa blues huyatunza mahojiano ya wakongwe kama wanavyotunza santuri

Mwaka 1947, wanamuziki watatu Wamarekani weusi waliketi mbele ya kinasa sauti mjini New York. Big Bill Broonzy alikuwa na gitaa, Memphis Slim alikuwa kwenye piano, na Sonny Boy Williamson alikuwa na kinanda chake cha mdomo. Mwenyeji wao, Alan Lomax, Mzungu aliyekuwa amezunguka majimbo mengi akikusanya nyimbo za wananchi, aliwauliza swali ambalo ni jepesi kulitamka: blues imetokana na nini?

Walianza kwa kumjibu yeye, kisha wakawa wanajibizana wenyewe kwa wenyewe. Walisimulia makambi ya vibarua waliojenga matuta ya kuzuia mafuriko ya mto Mississippi. Walisimulia manyapara waliotembea na bunduki, deni la dukani lisilokwisha, na watu waliouawa pasi na mtu kushtakiwa. Walikumbushana hesabu ya mabwana wa kusini: nyumbu akifa lazima anunuliwe mwingine, bali mtu mweusi akifa huajiriwa mwingine tu. Mahali pengine katika rekodi hiyo wanacheka, na kicheko chenyewe kinatisha kuliko kilio.

Kwa maelezo ya Lomax mwenyewe, alipowarudishia sauti zao wazisikilize, waliingiwa na hofu. Walimwomba asithubutu kutaja majina yao. Wao waliishi kaskazini, mbali na hatari ya papo kwa papo, lakini ndugu zao walikuwa bado kusini, na huko neno moja lililosemwa New York lingeweza kulipiwa na mzee au mtoto asiyejua lolote. Lomax alitimiza ahadi. Mwaka 1948 alichapisha sehemu ya mazungumzo hayo katika jarida akitumia majina ya kubuni. Santuri yenyewe ilipotolewa Marekani mwaka 1959, wasemaji bado walifichwa. Ni mwaka 1990 tu, baada ya Memphis Slim, wa mwisho kati yao, kufariki dunia mjini Paris mwaka 1988, ndipo santuri ilipotolewa upya ikiwa na majina ya kweli. Miaka 43 ilikuwa imepita.

Msikilizaji wetu ambaye hajazoea muziki huu anaweza kuuliza: mwanamuziki si huimba? Kwa nini watu wakusanye maneno yake ya kawaida, wayanakili, wayalinganishe neno kwa neno, na kubishana juu yake kwa miongo kadhaa?

Nyaraka zisizokuwapo

Blues ni muziki wa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, uliochipuka mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, katika kizazi cha watoto na wajukuu wa waliokuwa watumwa. Waliouimba wengi walikuwa wakulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba, vibarua na watu wa kutangatanga. Magazeti ya Wazungu hayakuwa na haja nao. Kampuni za santuri ziliwarekodi kwa siku moja au mbili, zikawalipa kidogo, zikawaacha waende zao. Kwa hiyo historia ya fani nzima, fani ambayo baadaye ilizaa rock and roll na kuutajirisha ulimwengu wa burudani, ilibaki katika vichwa vya wazee.

Mfano ulio wazi ni Robert Johnson. Alirekodi nyimbo 29 katika miaka ya 1936 na 1937 huko Texas, akafariki dunia Agosti 1938 akiwa na umri wa miaka 27. Hakuna sauti yake akizungumza na mwandishi. Karibu kila tunachojua juu ya tabia yake, safari zake na kifo chake kimetoka katika vinywa vya waliomfahamu: Son House aliyemtangulia, Johnny Shines aliyesafiri naye, na David Edwards, maarufu kwa jina la Honeyboy, aliyesimulia jinsi Johnson alivyopewa pombe yenye sumu kwa sababu ya wivu wa mume. Cheti cha kifo kilipatikana mwaka 1968, kwa juhudi za mtafiti Gayle Dean Wardlow, nacho hakikutaja chanzo cha kifo.

Wasemaji hao hawakubaliani katika kila jambo. Son House alieleza kwamba kijana huyo alikuwa mpigaji mbaya wa gitaa, akatoweka kwa muda, akarudi akiwa hodari wa kustaajabisha. Makala ya mwaka 1966 ilimnukuu akidokeza kwamba Johnson huenda aliiuza roho yake kwa shetani, na kutokana na neno hilo dogo ukazuka uvumi unaouza fulana hadi leo. Utafiti wa baadaye, nao pia wa kuhoji watu, uligundua maelezo ya kawaida zaidi: alikuwa na mwalimu, mpiga gitaa aliyeitwa Ike Zimmerman, na alifanya mazoezi sana. Shabiki wa kweli hupenda maelezo haya ya pili, ingawa hayauzi fulana.

Kumwambia nyumbu

Katika mazungumzo ya mwaka 1947, mmoja wa wazungumzaji anaeleza jambo ambalo msemaji wa Kiswahili hulielewa bila mkalimani. Kibarua aliyeonewa na bosi wake hakuweza kumjibu. Basi aliimba akimwelekea nyumbu aliyekuwa akilima naye, akamlaumu nyumbu, akamtukana nyumbu, na bosi aliyekuwa amesimama pembeni akadhani ni wimbo wa kazi. Kwetu jambo hilo lina jina: ni fumbo. Waswahili husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, na mwenye kufuatilia taarab hahitaji kuambiwa kwamba aliyetajwa katika wimbo si lazima awe ndiye aliyelengwa.

Hapo ndipo thamani kubwa ya mahojiano ilipo. Anayesikiliza wimbo wa mapenzi ulioimbwa mwaka 1935 anaweza kudhani kwamba mwanamke anayelalamikiwa ni mwanamke tu. Mzee aliyeutunga, akiulizwa vizuri na mtu anayemwamini, huweza kufungua fumbo. Huweza pia kukataa kulifungua, na ukimya wake nao una maana.

Muddy Waters na majibu manne

Agosti 1941, Lomax huyohuyo pamoja na John Work, profesa mweusi wa muziki kutoka Chuo Kikuu cha Fisk, walifika katika shamba la pamba la Stovall, karibu na Clarksdale, Mississippi, wakiwa na mashine ya kurekodi ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Walikuwa wakimtafuta dereva wa trekta aliyeitwa McKinley Morganfield. Dunia inamjua kwa jina la Muddy Waters. Baadaye alisimulia kwamba alipoambiwa kuna mgeni wa serikali anamuulizia, alidhani amefumaniwa, kwani alikuwa akiuza pombe haramu.

Alipomaliza kuimba aliulizwa wimbo ule ameupata wapi. Alijibu kwamba aliutunga mwenyewe mwaka 1938, siku aliyokuwa akiziba pancha ya gari, moyo wake ukiwa umeumizwa na msichana. Muda mfupi baadaye akasema kwamba kuna santuri ya Robert Johnson yenye sauti kama hiyo. Kisha akasema alijifunza kwa Son House. Tena akasema wimbo umetoka katika mashamba ya pamba.

Mwanasheria angesema shahidi huyu anajichanganya. Mashabiki wamekipenda kipande hiki cha mazungumzo kwa sababu iyo hiyo. Muddy Waters haoni mgongano wowote. Wimbo ni wake, na ni wa mwalimu wake, na ni wa santuri aliyoisikia, na ni wa kila aliyewahi kuinamia pamba. Wimbo wenyewe ungeimbwa mara mia bila kumweleza msikilizaji jambo hilo.

Hapa niruhusiwe neno moja la kazi yangu, kwa kuwa mkate wangu ni kutafsiri maneno ya watu wengine. Linalonisumbua katika mahojiano ya zama zile si misamiati ya mashambani, bali ni namna ya kuitana. Katika Mississippi ya wakati huo, mtu mweusi alitakiwa kumwita Mzungu yeyote bwana, ilhali yeye, hata akiwa na mvi, aliitwa kwa jina lake la kwanza au kwa neno la kumaanisha mtoto wa kiume, neno lilelile lililotufikia sisi enzi za ukoloni likawa “boi”. Kwa hiyo mzee anapomjibu mhojaji Mzungu “ndiyo bwana”, mtafsiri hajui kama ameandika heshima, au mazoea, au woga. Nimejifunza kutolisawazisha. Naliacha lilivyo, msomaji apime mwenyewe.

Wanaosema kweli kwa uongo

Mashabiki hawa si watu wa kuamini kila kitu. Chukua tena Big Bill Broonzy. Alisema alizaliwa Mississippi mwaka 1893, na alisimulia kwa undani maisha yake ya askari nchini Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwandishi Bob Riesman, katika kitabu chake cha mwaka 2011, alionyesha kwamba kumbukumbu za familia zinaelekeza Arkansas, mwaka 1903, na kwamba jina la kuzaliwa lilikuwa Lee Bradley. Kijana wa mwaka 1903 asingeweza kuwa askari katika vita hivyo.

Je, tumtupe? La hasha. Madhila ya askari weusi waliorejea kutoka Ulaya na kulazimishwa kuvua sare zao yalitokea kweli, kwa watu wa kweli, wengine katika jamii yake. Broonzy aliyavaa kama koti la ndugu yake. Kwa maoni yangu, mwanahistoria ana haki ya kurekebisha tarehe, na msikilizaji ana haki ya kuendelea kumsikiliza mzee huyu.

Deni la vijana wa rock

Wengi waliofika kwa wakongwe hawa walipitia mlango wa rock. Rolling Stones walichukua jina la kundi lao kutoka wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Mwaka 1965, walipoalikwa katika kipindi cha televisheni cha Marekani kilichoitwa Shindig, walitaka Howlin' Wolf naye awepo. Brian Jones, akihojiwa, alimtaka mtangazaji anyamaze ili mzee apande jukwaani, kisha vijana hao wakaketi miguuni pake kama wanafunzi wa madrasa. Wazazi wengi wa Kizungu waliokuwa wakitazama siku ile walikuwa hawajawahi kumwona mtu huyo, ilhali alikuwa raia wa nchi yao.

Tangu hapo shabiki wa rock akisoma mahojiano ya mpiga gitaa maarufu hutafuta kwanza majina ya walimu. Si kila aliyekopa alitaja. Willie Dixon, mtunzi mkubwa wa Chicago, ilimbidi awashtaki Led Zeppelin mwaka 1985 kwa kutumia maneno yake, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 1987. Kutaja jina la mzee hakukuwa adabu tu. Kulihusu pia nani atalipwa.

Nani anauliza, na anamuuliza nani

Mwingereza Paul Oliver alizunguka Marekani mwaka 1960 na kinasa sauti, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1965 aliyaondoa maswali yake, wakabaki wasemaji peke yao. Jarida la Living Blues, lililoanzishwa Chicago mwaka 1970, liliyafanya mahojiano marefu kuwa uti wa mgongo wake, na lilichagua kuwahoji wanamuziki weusi, hata wale wasiojulikana nje ya mtaa wao. Kwa upande mwingine, maandishi ya Profesa Work na wenzake wa Fisk kuhusu utafiti ule wa Mississippi yalipotea kwa miongo mingi, yakachapishwa mwaka 2005, na kwa muda wote huo sifa ilimwendea Lomax karibu peke yake. Mashabiki wenye haki hulitaja jambo hili kila jina la Lomax linapotajwa.

Honeyboy Edwards alifariki dunia Agosti 2011 akiwa na miaka 96, baada ya kuisimulia habari ya usiku wa mwisho wa Robert Johnson kwa kila aliyemuuliza. Ilionekana kana kwamba hakuna tena wa kuulizwa. Mwaka 2020 kikatoka kitabu cha Annye Anderson, dada wa kambo wa Johnson, aliyekuwa mtoto mdogo wakati kaka yake akiwa hai na ambaye sasa alikuwa na zaidi ya miaka 90. Watafiti walikuwa wamewahoji wapiga gitaa kwa zaidi ya nusu karne. Katika kumbukumbu zake hamna shetani wala njia panda, bali kuna kaka anayekuja nyumbani Memphis na gitaa lake, anayewaimbia watoto na anayependa nyimbo za Jimmie Rodgers, Mzungu wa muziki wa country. Juu ya jalada pana picha ya Johnson ambayo umma ulikuwa haujaiona kabla ya mwaka huo. Ameshika gitaa, na anatabasamu.