Jagi la Maji na Mishiri ya Cucu

Binamu yangu alikaa kwetu hapa Montreuil, kando ya Paris, wiki mbili. Hata kabla hajafungua sanduku lake kule Meru, Kenya, habari zilishafika kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo: nimekuwa bahili. Nilimpeleka bistro ya mtaani, nikaagiza maji ya mfereji, nikalipa bili, nikaondoka bila kumwachia mhudumu bakshishi. Shangazi wa Nkubu alinipigia simu kuuliza kama tuna shida ya pesa. Hilo liliniuma, kwa hiyo naeleza.

Bistro yetu ina meza kumi na ubao mmoja mweusi unaoandikwa kwa chaki kila asubuhi. Mwenyewe hutupa mkono tukiingia, na anajua kifungua mimba wangu hagusi jibini. Ukiagiza mlo hapa Ufaransa, mkate na jagi la maji ni haki yako. Viko ndani ya bei ya chakula tangu agizo la serikali la 1967. Anayelipia maji ya chupa amejitakia. Bakshishi nayo: tangu 1987 bei inayoonyeshwa kwa mteja ni lazima iwe imejumuisha huduma, aghalabu asilimia 15. Mhudumu ana mshahara wake wa mwezi, hakai akingoja kuona mkono wangu utaingia mfukoni au la. Kule kwetu Meru msichana anayetuletea chai tangu alfajiri anaitegemea huruma yetu, kisha mimi ndiye naitwa bahili. Naomba shangazi alifikirie hilo.

Binamu aliuliza pia kwa nini pahali palipo na jina kubwa hivyo pana vyakula vitatu tu. Wengi hapa watakuambia neno bistro lililetwa na askari wa Urusi walioingia Paris mwaka 1814 wakidai wahudumiwe haraka. Siamini, kwa sababu neno lenyewe halikuonekana kwenye maandishi mpaka miaka ya 1880. Ninaoamini ndio chanzo cha bistro ni watu wa Auvergne. Ni nchi ya milima katikati ya Ufaransa, na katika karne ya 19 vijana wake waliteremka Paris kutafuta kazi. Walibeba maji ya kuoga wakipanda nayo ngazi za majumba, baadaye wakauza kuni na makaa. Duka lao lilikuwa na sehemu mbili: huku magunia, huku kaunta ya mvinyo, na mara nyingi mama akipika sufuria moja kwa wapiga kazi wa mtaa. Waparisi waliwaita bougnats. Niliposoma habari zao nilimwona mjomba wangu na banda lake la makaa pale Makutano, birika la chai likichemka nyuma. Watu wa milimani wakifika mjini huanza hivyo.

Jambo moja silitetei. Jiko hufungwa saa nane mchana, halifunguliwi tena mpaka jioni. Tulifika saa tisa siku ya kwanza na watoto wenye njaa, tukaambiwa kwa upole kwamba kuna kahawa tu. Stendi ya Embu huwezi kukosa sahani ya mukimo saa tisa.

Yule mdogo, mwenye miaka sita, alilia mpaka nyumbani, na ndiyo sababu tulirudi kesho yake saa sita kamili. Aliletewa kuku na mishiri (maharagwe machanga ya kijani), akaisukuma pembeni. Mwenye bistro akaingia jikoni, akatoka na katoni tupu na kumwonyesha maandishi ubavuni: Kenya. Mtoto akaniangalia. Cucu, nyanya yake, analima mishiri huko huko, Runyenjes. Likizo iliyopita walichuma naye alfajiri, umande ukiwalowesha magoti, na alimfundisha kuacha kikonyo na kutupa iliyopinda, kwa kuwa mnunuzi huikataa. Ile laini kabisa haizidi unene wa milimita sita, na ukichelewa siku mbili imeshanenepa, bei imeshuka.

Akaipanga yote kwenye ukingo wa sahani, vichwa upande mmoja. Kumi na nne. Dada yake akamwambia haiwezekani ikawa ya Cucu, Kenya ni kubwa. Wakabishana hadi nikampigia Cucu video pale pale mezani, jambo ambalo huwa nawakataza. Cucu akaisogeza simu karibu na macho, akasema hiyo ni ile nyembamba, ya daraja la juu, ila yake hapeleki ikiwa na vikonyo virefu hivyo. Kisha akauliza sahani ni bei gani. Mkubwa akamjibu: euro 16, pamoja na kuku.

Cucu akanyamaza kidogo. Akamwita yule mdogo kwa jina, akamwuliza mbona bado hajaimaliza.