Kombe la Dunia 2026: Vile Utafuata Ball Usiku Bila Kuangusha Fam na Madogo wa Uwanjani

Kama uko Garsen, Minjila, Ngao ama Hola na kuna madogo wanakungoja uwanjani kila jioni, hii ni yako. Kombe la Dunia linaanza Alhamisi tarehe 11 Juni, na mwaka huu noma haiko kwa mechi. Iko kwa saa.

CHAN ya Agosti 2025 ilitudekeza. Ilichezwa hapa Kenya, Uganda na Tanzania, mechi zikipigwa alasiri na jioni, shule zikiwa zimefungwa. Ryan Ogam akiwachapa Morocco, hata dogo wa miaka saba alikuwa macho, amekaa hapo kando ya mathe wake. Madagascar walipotutoa kwa penalti kwenye robo fainali, tulilia kama familia.

Hii ya sasa iko Marekani, Kanada na Mexico. Kwa saa zetu, mechi za mapema kabisa zinaanza saa moja usiku, zingine saa nne usiku. Zingine ni saa saba usiku, zingine saa kumi alfajiri, na kuna zile zinaanza saa moja asubuhi, watoto wakivaa sare waende shule. Hiyo ya saa kumi ndiyo mbaya zaidi: kipindi cha pili kinagongana na adhana ya alfajiri, na mtu wa shamba ashaanza kutafuta jembe lake.

Kwa hivyo utajipangaje?

1. Kubali huwezi kuona zote

Timu ni 48, mechi 104, ndani ya siku 39. Ukipiga hesabu ya dakika 90 kwa kila mechi, hayo ni masaa 156. Yaani siku sita na nusu bila kufunga jicho. Hakuna msee ana hiyo nguvu, labda kama hana kazi, hana mtoto na hana mtu wa kumuuliza amelala wapi.

Habari njema ni kwamba hatua ya makundi haina haraka. Makundi ni 12. Mbili za juu kwa kila kundi zinapita, halafu timu nane bora za nafasi ya tatu zinabebwa pia. Timu yako ikipoteza mechi ya kwanza, bado haijapanda ndege ya kurudi nyumbani. Hizo mechi nyingi unaweza kuona magoli yake asubuhi kwa simu, kwa bando ndogo tu. Usingizi wako uweke akiba hadi 28 Juni, mtoano ukianza. Hapo ukipigwa, umeenda.

Makundini chagua chache zenye uzito. Mexico na Afrika Kusini wanafungua tarehe 11, saa nne usiku. Ufaransa na Senegal ni Jumanne tarehe 16, saa nne pia. Brazil na Morocco ni saa saba usiku wa kuamkia Jumapili, na kesho yake hakuna shule.

2. Ongea na watu wa nyumbani kabla, si baada

Ugomvi mwingi wa msimu wa ball hauanzi usiku. Unaanza saa tano asubuhi, wewe umelala fofofo na mama watoto ashachota maji, ashapika, na bado anauliza nani ataenda sokoni. Keti naye sasa, ratiba mkononi. Mwambie usiku gani utakuwa nje, na siku gani asubuhi ni yako kabisa: watoto, maji, kila kitu. Kama bado unakaa kwa wazazi, ni vilevile. Buda hatakuelewa ukimwamsha afungue mlango saa tisa usiku bila taarifa.

Na kuhusu bet: ganji ya unga isiguse mkeka. Mechi 104 ni majaribu 104. Ukiona unatafuta kurudisha ile ya jana, funga simu ulale.

3. Mazoezi ya saa kumi jioni yasikufe

Hapa ndipo mambo inakuwa serious. Dogo ameambiwa kuna mazoezi, akifika uwanjani na kochi amelala, harudi nyumbani. Na jua la Garsen vile linachoma, anafuata wenzake mtoni. Tana ina mamba, na viboko pia. Saa moja yako ya kukosekana si kitu kidogo.

Kuna sababu nyingine. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa huku Tana Delta, Wapokomo na Waorma wakigombania malisho, mashamba na maji. Dogo wa miaka 12 leo hakuwa amezaliwa. Anachojua ni kile anachosikia nyumbani, na kile anachokiona mwenyewe uwanjani, akimpasia mtoto wa upande ule mwingine na kupasiwa tena. Hiyo pasi ni yako kuilinda.

Kwa hivyo tafuta mtu wa kukushikia. Mzazi mmoja na kapteni mmoja, wajue mipira iko wapi na mazoezi ya siku ni gani. Ukiwa na mechi ya saa kumi alfajiri, wape taarifa siku moja kabla.

4. Lete Kombe uwanjani

Madogo wengi hawataona mechi za usiku, na hawafai, kwa sababu muhula wa pili bado unaendelea. Basi wewe ndiye TV yao. Chagua kitu kimoja tu ulichokiona: beki alivyogeuza mwili, kipa alivyoanza shambulizi. Waonyeshe, halafu wakijaribu.

Kingine cha kuiga: FIFA wameweka mapumziko ya maji ya dakika 3 katikati ya kila kipindi, kwa kila mechi. Kama wanaume wazima wanaolipwa mamilioni wanasimama kunywa maji, mtoto wa Garsen anayekimbia juu ya vumbi anahitaji zaidi. Kila mtu aje na chupa yake.

Halafu fanya Kombe lenu. Afrika ilifuzisha timu tisa moja kwa moja, zikiwemo Senegal, Morocco, Ghana, Misri na Cape Verde. Andika majina kwa vikaratasi, madogo waokote. Usiwaache wajipange wenyewe, kwa sababu watajipanga kijiji kwa kijiji. Kura ikiamua, mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkulima wataamka wote wakiwa Cape Verde, na watalazimika kutafuta ushindi pamoja.

Fainali ni Jumapili tarehe 19 Julai, saa nne usiku. Hiyo kesha, hakuna atakayekulaumu. Lakini Jumatatu saa kumi jioni madogo watakuwa pale pale, wanataka kujua nani amebeba kombe na alilibebaje. Fika ukiwa macho.

Wewe unalala ama unakesha? Na nani atakushikia mazoezi?