Mikoko haioti popote penye tope

Maji yakipwa Gazi, pwani ya Kwale, utaziona mbegu za mkoko zimechomeka topeni kama mishale. Nyingine hazikupandwa na mtu. Mbegu ya mkoko humea ingali mtini, ikarefuka kuwa fimbo ya kijani, kisha ikadondoka. Ikikuta maji yamepwa, huweza kukita papo hapo. Ikikuta yamejaa, husafiri.

Fimbo hiyo hubeba akiba yake ya chakula, kwa hiyo mche huvumilia mengi miezi ya mwanzo. Hata chumvi: mizizi ya mkoko huichuja, na mchu, mti mwenzake, huitoa kupitia majani. Lamba jani la mchu utajua. Lakini kuvumilia si kustawi. Miche hukua vizuri zaidi pale maji matamu yanapoipunguzia bahari ukali, na si ajabu kwamba msitu mkubwa kabisa wa mikoko Afrika Mashariki uko kwenye delta ya Rufiji.

Mto unaoleta maji hayo nao ukizidisha udongo, huua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi inayopumua juu ya tope. Miti mizima ikakauka imesimama. Mche wa kimo cha goti ungefanya nini?

Hata hivyo, mauti mengi ya miche tunayaleta wenyewe. Uwanda wa tope ulio wazi mbele ya msitu huwavutia wapandaji: hauna mwenyewe, na picha hutoka vizuri. Kama mikoko haikuota pale miaka yote, ipo sababu. Maji hukawia kuondoka, mizizi inakosa hewa, na wimbi huung'oa mche kabla haujashika. Viumbe vya magamba, walewale wanaong'ang'ania ubavu wa mashua, huulemea shina likainama. Upande wa bara nako, panapofikiwa na bamvua tu, jua hukausha maji na kuacha chumvi kali kuliko ya bahari yenyewe.

Kaa nao ni kisa kingine. Hula mbegu bila huruma, huku mashimo yao yakiingiza hewa topeni. Sijui niwalaumu au niwashukuru.

Wazee wa pwani hawahitaji vipimo kuchagua mahali. Hutazama ni mti gani umesimama kwenye kina kilekile cha maji: mlilana mbele baharini, mkoko nyuma yake, mkandaa juu zaidi. Pengine hata kupanda hakuhitajiki. Mahali palipozibwa na barabara au tuta la chumvi, ukifungua mkondo maji yakaingia na kutoka, mbegu huletwa na bahari yenyewe.

Na kundi linalotangaza limepanda miche elfu kumi kwa siku moja? Lisubiri kusi mbili zipite, lirudi maji yakipwa, ndipo lihesabu.