Msukumo wa Damu Katika Mapafu

Mwaka jana tulikwenda Kilimanjaro wanafunzi sita kwa njia ya Marangu. Hapa Kikuyu tumezoea mwinuko wa mita 1,100 hivi, na Kibo ni mita 5,895. Usiku wa tatu, kwenye kibanda cha Kibo, mwenzetu mmoja alianza kukohoa na kuhema hata akiwa amekaa. Kiongozi wetu hakungoja kuche. Alimteremsha usiku ule ule mpaka Horombo, mita 3,720, na huko pumzi ikaanza kumrudia.

Niliporudi nilitaka kujua sababu. Moyo una pampu mbili. Ya kushoto hupeleka damu mwilini kwa msukumo wa milimita 120 hivi za zebaki. Ya kulia huipeleka mapafuni kwa 25 tu, maana mishipa ya huko ni laini. Oksijeni ikipungua, mishipa ya mwilini hutanuka, lakini ya mapafu hujibana. Hilo ni jambo la akili: sehemu ya pafu ikizibwa na makohozi, damu huhamia penye hewa. Lakini mlimani pafu zima hukosa oksijeni, kwa hiyo mishipa mingi hujibana pamoja, msukumo hupanda, na maji huvujia katika vifuko vya hewa.

Mimi nilidhani haya yote ni amri ya ubongo. Kweli, shingoni mna vinundu viwili vidogo vinavyoonja oksijeni ya damu na kupeleka habari kwenye ubongo. Nao ubongo, kwa mishipa ya fahamu, huharakisha moyo na kuzidi kukaza mishipa ya damu. Baridi na uchovu huongeza amri hizo. Walakini mwaka 1946 mabwana von Euler na Liljestrand wa Uswidi waliwapa paka hewa yenye oksijeni haba, na msukumo wa mapafuni ukapanda hata baada ya mishipa ya fahamu kukatwa. Basi pafu hujibana lenyewe, na fahamu huchochea tu. Ajabu ni kwamba von Euler huyo huyo ndiye aliyeigundua noradrenalini, dawa ambayo mishipa ya fahamu huitumia kupeleka amri hizo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Mwenzetu amepona. Anataka kupanda tena, safari hii kwa siku nyingi zaidi, lakini mama yake hajakubali.